Suti zisizo na vichwa

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Tanga kwa mjomba. Nilienda kumsalimia tu maana ndo katoka kutolewa mtoto wa jicho, lakini si unajua ukienda kwa wazee hukai bure, chai hata sijaimaliza naambiwa haya mjomba hebu nitolee vile vitu vya stoo, panya wameshaweka kambi humo. (Kwetu yeye ananiita mjomba na mimi namwita mjomba, wageni huwa wanachanganyikiwa nani mkubwa hapo.) Basi nikaingia. Magunia, feni mbovu, miamvuli ya fleshi ya studio, lile pazia letu lililochorwa ngazi na maua ya waridi ambalo nusu ya watu wa Ngamiani wamepigwa picha mbele yake, alafu nyuma kabisa, imefunikwa nailoni, kompyuta. Ile ile! Monita bado imevaa kile kitambaa cha kufuma alichokifuma mke wa mjomba, cheupe zamani, sa hivi rangi ya chai ya maziwa.

Nilikaa chini kabisa kwenye vumbi. Yaani miaka yangu mitatu ya ujana iko ndani ya hilo boksi.

Kwa wasionijua, kabla sijawa hivi mnavyonisoma hapa nikijifanya mtu wa dizaini, nilikuwa kijana wa studio. Nilimaliza form four 2004, matokeo yakaja yale ya kumfanya mama apige simu kwa kaka yake, na mwanzoni mwa 2005 nikatupwa Tanga nikasaidie studio, barabara za kule Ngamiani zenye namba. Kazi yangu ya kwanza haikuwa kompyuta hata kidogo. Ilikuwa kufagia, kumwambia mteja akae hivi ashushe kidevu, na kulinda mlango wa chumba cha kompyuta watu wasiingie na viatu. Nyie watoto wa leo hamuwezi kuelewa hii. Kompyuta ilikuwa na chumba chake, ina pazia lake, unavua viatu kama unaingia msikitini, sababu vumbi lingeiua. Kompyuta ikifanya kazi muda mrefu inawekewa feni ya mezani ubavuni, sisi wenyewe tunatokwa jasho.

Mashine yenyewe ilikuwa Pentium III, ramu megabaiti 128, hadi diski (ile ya kutunzia mafaili) giga 20, Windows 98. Mjomba aliinunua mtumba 2003 kwa hela ya msimu wa harusi na nadhani hajawahi kuwa na kitu alichokipenda zaidi, watoto wake wanisamehe. Na muelewe alikotoka huyu mzee. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, ni kweli, siyo stori ya kijiweni, zilionekana zinakula fedha za kigeni bure, na hata ilipokuja kulegezwa baadaye zilibaki vitu vya wizarani na benki. Kwa hiyo mtu kama yeye, mpiga picha wa mtaani, anakaa mbele ya kompyuta yake mwenyewe akiwa na miaka hamsini kasoro. Alijifunza mausi kwa kucheza Solitaire wiki nzima, studio imefungwa, mlangoni kaandika NIMEENDA MSIBANI.

Haya, turudi stoo. Nikaipuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, nikachomeka, nikasema bismillah nikiwa nimesimama mbali kidogo. Harufu ya vumbi linaloungua. Feni ikaanza kulia kama trekta. Alafu ule mlio mmoja, piii, kila mtu wa zama zile anaujua, mlio wa kwamba mzima. Ikaandika kwamba tarehe imepotea, bonyeza F1, maana ile betri yake bapa kama sarafu imekufa siku nyingi, kwa hiyo kompyuta yenyewe inaamini bado tuko miaka ile ya mwanzoni mwa elfu mbili, na mi nani niibishie. Nikabonyeza F1. Mawingu ya Windows 98 yakatokea. Nilipiga kelele mpaka mke wa mjomba akaja mbio akidhani nyoka.

Na pale kwenye deskitopu, lile jicho, alama ya programu yetu ya kurekebisha picha. Photoshop 7.

Photoshop 7 ilitoka 2002 na kwetu ilifika kwa njia ambayo kila mtu anaijua, sidii imeandikwa kwa maka, namba ya siri imeandikwa kwenye karatasi ndani ya kava, sitajifanya malaika hapa. Ukiifungua ilikuwa inachukua muda wake, na wakati inajifikiria inakuonyesha majina ya waliyoitengeneza, orodha ndefu, wa kwanza Thomas Knoll. Kwa kuwa huna la kufanya unayasoma. Kila siku. Mara nne kwa siku umeme ukisumbua. Mi jina la Seetharaman Narayanan nililijua kwa kichwa kabla sijajua jina la mkuu wa wilaya, na nilikuwa naamini ndo mwenye kampuni kwa sababu jina lake ndo refu. Miaka mingi baadaye nikaja kusoma kumbe dunia nzima ya wahariri wa picha ilikuwa inamjua hivyo hivyo, injinia wa Kihindi aliyepata umaarufu kwa watu kukaa wakisubiri programu ifunguke.

Sasa nikwambie ilikuwa inabeba vipi. Photoshop 7 kwenye boksi waliandika inataka ramu 128 angalau, yaani sisi tulikuwa pale kwenye mstari kabisa, hatuna hata senti ya ziada. Leo Photoshop mpya inataka giga 8 kwa uchache, mara sitini na nne ya ile. Ukiskani picha ya kawaida ya albamu, ile ya sentimita 10 kwa 15, kwa rezolusheni 600, unapata kitu cha megabaiti kama 25. Ukiongeza leya moja (yaani picha nyingine inayolala juu yake), mbili, tayari mashine inaanza kuhema, taa nyekundu ya hadi diski inawaka haizimi, krrr krrr krrr, na ukizidisha inakutolea kile kibao cha kwamba skrachi diski, ile nafasi ya hadi diski inayoazima kufanyia kazi, imejaa na hapo ujue umeumia. Ukitaka kuweka blaa, ule ukungu, kwenye picha nzima unabonyeza okei alafu unaenda kununua maandazi. Siongezi chumvi. Unarudi na maandazi, kimstari kimefika nusu.

Mausi ilikuwa ya gololi. Kila Ijumaa naifungua chini, natoa gololi, nakwangua kwa kijiti cha meno ule uchafu mweusi unaojiviringisha kwenye vile virola vidogo, na baada ya hapo mshale unateleza kama umepakwa mafuta. Kuna raha fulani pale ambayo mausi za taa hazijawahi kunipa. Na monita ilikuwa na ile sehemu ya kuondoa sumaku, ukibonyeza skrini nzima inatetemeka, donnnng, kama jeli. Nilikuwa nabonyeza bila sababu. Mjomba alikuwa ananifokea kutoka nje, anausikia ule mlio.

Lakini nilichotaka kuwaandikia hasa ni folda la suti.

Nikaingia D, nikaingia KAZI, na lilikuwepo. SUTI. Ndani yake suti1, suti2, suti3, mpaka suti11, pembeni kuna folda la KANZU, la MAGAUNI, na moja limeandikwa MAJOHO kwa ajili ya watu waliotaka kuonekana wamehitimu. Ukifungua unaona mwili wa mtu kuanzia shingoni kwenda chini, koti, shati jeupe, tai, halafu juu ya shingo hakuna kitu, vile viboksi vya kijivu na vyeupe tu. Safu nzima ya watu wasio na vichwa.

Aliyewahi kufanya kazi studio ya mtaani anajua hili. Mtu kafa, ndugu wanakuja asubuhi na mapema, macho mekundu, wanataka picha kubwa ya kuweka msibani, na picha pekee waliyo nayo ni ya kitambulisho, au kavaa tisheti ya kampeni. Sijui kwa nini lakini watu wa kwetu wote wamepigwa picha wakiwa na tisheti ya kampeni au ya bia. Basi wanasema, mtuvalishie suti. Marehemu mwenyewe pengine hajavaa suti hata siku moja, ni mvuvi wa Sahare huyo, lakini mwanae anataka hivyo na wewe huna haja ya kubisha, unachukua kile kichwa kwa laso, unakipeleka kwenye suti3.

Laso, kwa msiotumia, ni ile kamba ya kuzungushia kitu unachotaka kukikata, unafuata ukingo wa sikio kwa mausi ya gololi huku umezuia pumzi, ukimaliza inatokea ile mistari midogo inayotembea pembeni, sisi tulikuwa tunaiita siafu. "Umeshaweka siafu?" "Bado, wamenikimbia." Ile mistari alianzisha Bill Atkinson kwenye MacPaint, programu ya kuchorea ya 1984, ya kompyuta ya Macintosh ya kwanza, na eti wazo alilitoa kwenye bango la bia lenye taa, lile lenye maporomoko ya maji yanaonekana kama yanatiririka kumbe yamekaa. Nilicheka nilipojua. Yaani siafu wetu wametokea baa.

Kukata kichwa siyo kazi. Kazi ni shingo. Rangi ya shingo ya suti3 ni ya mtu mwingine, kwa hiyo unazungusha rangi mpaka zifanane, na hazifanani, uso umepigwa kwa fleshi ya mbele na mwili umepigwa kwa mwanga wa dirishani kutoka kushoto. Kwa hiyo unatafuta suti yenye mwanga unaokubaliana na uso, au unaugeuza mwili kama kioo, na ukiugeuza vifungo vya koti vinahamia upande wa kike, na siku moja alikuja mzee fundi cherehani akaliona hilo kabla hata hajamtambua marehemu. Kanzu ni mbaya zaidi kwa sababu ya kofia. Kofia lazima ikae, ibane kidogo kwenye paji, iweke kivuli chembamba juu ya nyusi. Usipoweka kivuli inaonekana inaelea kama sufuria. Hicho kivuli mi nilikuwa nakichora kwa mkono, brashi laini, opasiti (ukolezi wa rangi) asilimia 15, napita mara tatu.

Na miili ilikuwa ya nani? Ya kwetu. Mjomba alikuwa na suti moja ya bluu na moja nyeusi, kila mtu wa studio na marafiki zake wa bao walivalishwa kwa zamu wakapigwa picha. Suti4 ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwembamba, bega la kushoto liko chini kuliko la kulia mpaka leo. Suti4 ilipendwa sana na familia zilizofiwa na vijana. Mwaka 2011, nimeshahamia Dar, nikaenda msiba mmoja Muheza wa ndugu wa rafiki yangu, nimekaa kwenye mkeka, nainua macho ukutani, nikaona bega langu. Kichwa cha mtu nisiyemjua, chini yake mimi. Sikumwambia mtu. Nilikula pilau nikiwa nimeinama.

Hivi ndo vitu ambavyo mjomba alikuwa hana shida navyo kabisa. Nguo tunamvalisha, alikuwa anasema, sura hatumpi. Ndo ilikuwa sheria ya studio na mimi niliielewa baada ya kuivunja.

2006, mnaukumbuka ule mgao. Maji ya bwawa la Mtera yamekwisha, umeme unakatika asubuhi unarudi usiku, na sisi tunafanya kazi usiku wa manane kama wachawi. Akaja bibi mmoja kutoka Pangani na picha ya marehemu mumewe, nyeusi na nyeupe, ndogo, imekunjwa mara mbili kwa hiyo ina msalaba katikati, na unyevu umeila upande mmoja, madoa madoa. Nikaiskani. Nikazumu asilimia 300. Nikaanza na stempu.

Hii stempu ndo roho ya kila kitu. Unashika Alt, unabonyeza sehemu nzima ya ngozi, kisha unapaka penye kovu, inanakili kutoka pale kwenda hapa. Photoshop 7 ilileta na ile hilingi brashi, ilikuwa mpya kabisa na tuliiona kama uchawi, inachukua ngozi kutoka sehemu moja inaichanganya na mwanga wa sehemu unayopaka, kovu linakwisha bila kuacha baka. Nikafanya saa nne. Karibu namaliza, umeme ukakatika, yuipiesi, lile boksi la kushikilia umeme ukikatika, ikapiga kelele mara mbili ikafa hapo hapo maana betri yake nayo ilikuwa marehemu. Nilikuwa sijasevu. Nililia kidogo, sioni aibu kusema. Kesho yake usiku nikaanza upya, nina hasira, nina usingizi, napaka haraka haraka, doa hili, doa lile, doa la pembeni ya mdomo, safi. Nikabana leya zote nikasevu jepegi nikaprinti.

Bibi akaja. Akaishika ile picha, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Akasema, "Mwanangu, huyu kijana mzuri sana. Ni nani?"

Nikasema bibi si ndo babu huyo.

"Chunjua lake liko wapi?"

Lile doa la pembeni ya mdomo halikuwa doa. Lilikuwa chunjua la mumewe, miaka thelathini na kitu analiangalia kila asubuhi, na mimi nimelifuta kwa klik mbili. Mjomba hakunifokea mbele yake. Alimpa bibi kiti, akamletea soda, akamwambia mama tusamehe, rudi keshokutwa. Alipoondoka akaniuliza swali moja tu, ulimuuliza? Nikasema niulize nini. Akasema kabla hujamgusa mtu usoni unamuuliza mwenye mtu wake, kipi ni cha picha na kipi ni cha kwake. Tangu hapo tukawa na daftari. Mteja akija na picha ya kukarabati tunaandika: pengo la mbele, ndiyo. Alama ya wembe nyusi ya kulia, ndiyo. Jicho la kushoto dogo, ndiyo, usiguse.

Na kuna jambo lingine kuhusu mjomba ambalo mimi nilichelewa kuliona. Yeye alikuwa mtu wa chumba cha giza, kile cha kusafishia picha za filamu, miaka ya sabini na themanini, dawa, enlaja ya kukuzia picha, taa nyekundu. Siku ya kwanza aliyokaa mwenyewe mbele ya Photoshop, kabla hajajua hata kusevu, aliuliza kile kialama cha kijiti chenye duara juu ni cha nini, na kile cha mkono umekunjwa. Nikamwambia hicho kinang'arisha na hicho kinatia giza. Akaanza kucheka mpaka akakohoa. Alisimama, akakata kipande cha duara kwenye boksi la karatasi za Kodak, akakichomeka kwenye waya, akakipitisha mbele ya taa ya mezani, kivuli kikatua mezani. Ndo hivi, akasema. Sehemu unayoikinga mwanga inabaki nyeupe. Na mkono ukiukunja ukaacha tundu, panapopita mwanga pa­naungua panakuwa peusi. Kile kialama ni mkono wangu huu. Mi nilikuwa natumia hivyo vitu mwaka mzima nikidhani mmoja ni pipi ya kijiti na mwingine ni ngumi.

Baadaye sana ndo nikasoma kwamba hao Knoll wawili, Thomas na mdogo wake John, baba yao alikuwa profesa Chuo Kikuu cha Michigan na alikuwa na chumba cha giza chini ya nyumba, na watoto walijifunzia humo. Thomas alianza kuandika ile programu 1987 akiwa anasoma udaktari wake, kwenye Macintosh Plus ambayo skrini yake ilikuwa nyeusi au nyeupe tu, haina hata kijivu, kwa hiyo alikuwa anaidanganya ionyeshe kijivu. John yeye alikuwa anafanya kazi Industrial Light & Magic, ile kampuni ya madoido ya filamu. Picha waliyokuwa wanaionyesha watu ili kuuza ile programu ilikuwa ya mchumba wa John kakaa ufukweni Bora Bora, kaipa kamera mgongo. Mwanzo iligawiwa nakala kama 200 hivi pamoja na skana ya Barneyscan, kisha kampuni ya Adobe wakaichukua, toleo la kwanza likatoka Februari 1990. Halikuwa na leya, leya zimekuja toleo la 3, 1994. Halikuwa na histori, ukikosea una andu moja tu, mambo ya kurudi nyuma hatua nyingi ni toleo la 5, 1998. Kwa hiyo tuliokuwa tunalalamika na Photoshop 7 yetu tulikuwa wafalme.

Nilimsomea mjomba hii habari ya chumba cha giza cha yule profesa. Akasema, kama mtu anayepokea salamu za jirani, "Nilijua tu."

Sasa kuna kitu kimenitokea mwezi uliopita ndo maana nimekaa na hii stori kifuani. Binamu yangu kachukua picha ya babu, baba yake mjomba, ile ya pekee, imefifia, kaipitisha kwenye zile programu za simu za akili bandia, bonyeza mara moja, sekunde tano, kaitupa kwenye grupu la familia. Wee! Makopakopa, mashaallah, mama mdogo analia kwa voisi noti. Na kweli ni kali, ngozi unaona vinyweleo, macho yanang'aa, kanzu imenyooka. Mi nikaizumu kama nilivyozoea. Babu alikuwa na pengo, hapa ana meno yote na yamepangana. Sikio la kulia ni la mtu mwingine. Macho ni mazuri ila hayajawahi kukaa kwenye familia yetu. Nikanyamaza, unaanzaje kuandika kitu kama hicho watu wanalia? Ni mke wa mjomba ndo aliandika, kwa herufi kubwa kama anavyoandikaga kila kitu: MBONA KAMA MTANGAZAJI WA TIVII.

Ile stempu ya zamani haikuwa na uwezo wa kubuni. Ilikuwa inakopa tu, na mara nyingi ilikuwa inakopa kutoka kwenye picha ile ile, ngozi ya shavu la babu inakwenda kuziba paji la babu. Kama picha imeliwa kabisa sehemu ya jicho basi jicho hakuna, unamwambia mteja mama hapa sina pa kuchukua, mna picha nyingine? Wakati mwingine wanarudi na picha ya kaka wa marehemu, mnakaa chini mnajadiliana. Hii ya sasa haikuambii haina. Inakupa tu, kutoka kwenye nyuso za mamilioni ya watu usiowajua, na inakupa kwa kujiamini. Siyo kwamba siitumii, jamani, natumia kila siku kazini, kuondoa waya za umeme nyuma ya bwana harusi sitakesha na stempu mimi. Ila usoni kwa mtu aliyekufa nimeshindwa. Mkono unagoma.

Na sisemi turudi Windows 98, mwenye akili timamu hawezi kutamani ile. Nimecheza nayo saa moja pale stoo imeganda mara tatu. Paint yake inakupa kurudi nyuma hatua tatu, ya nne unakula jeuri yako. Nilichokimisi, nadhani, ni kwamba niliimaliza. Photoshop 7 nilikuwa naijua yote, kila menyu, kila kona, kulala na kuamka iko vile vile, hakuna asubuhi nimeikuta wamehamisha vitufe. Tangu 2013 Adobe wameingia mtindo wa kulipia kila mwezi, na mi nalipa, sasa hivi niko halali kabisa msinisute, ila ninachokilipia sijawahi kukimaliza, kila nikizoea inaletwa nyingine.

Mjomba akaja stoo jioni, na miwani yake ya giza ya hospitali. Akavuta kiti. Tukafungua picha moja moja, huyu nani, huyu si yule wa mashine ya kusaga, huyu kafa, huyu yuko Oman, huyu suti7 hii ilimpendeza. Tukalikuta faili la bibi wa Pangani, limeandikwa chunjua_mwisho2, lile la mara ya pili, na chunjua lake mahali pake. Mjomba akavua ile miwani, akasogea mpaka pua inakaribia kioo, akanyamaza muda. Nikajua anamwangalia yule mzee.

"Mjomba," akasema, "hii bluu yetu ilikuwa kali namna hii?"

Alikuwa anaangalia dirisha la pembeni nililoliacha wazi, pasipoti saizi za watoto wa shule, bekigraundi ya bluu. Miaka na miaka wateja walikuwa wanasema bluu ya hii studio inaumiza macho na yeye anawaambia hamna jicho la picha. Kumbe mtoto wa jicho alishaanza siku nyingi, alikuwa anaiona imepoa. Sasa katolewa, anaiona kama ilivyo. Alicheka peke yake muda mrefu, anatingisha kichwa, "Nimewapaka watu rangi ya ndoo."

Mafaili bado sijayatoa. Flashi ile Windows 98 haiitambui bila draiva, na kwa flopi za 1.44 picha moja ya megabaiti 25 inataka flopi kumi na nane, nizitoe wapi na leptopu yangu haina hata tundu lake. Kwa hiyo nimefungua sipiyu nikachomoa hadi diski yenyewe, nikaifunga kwenye kile kitambaa cha kufuma nikapanda nayo basi imekaa mapajani. Jana nilikuwa Kariakoo natafuta ule waya wa zamani, ule mpana, wenye kichwa cha yuesibii upande wa pili. Dogo wa dukani kaigeuza geuza ile diski, kaniuliza bro hii ni ya gari? Kasema nirudi Jumamosi, kuna mzee ghorofani anaweza kuwa nao.